Kama ni Mkulima, Ruka Hadi Swali la Kumi na Tisa

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuwaamuru watu wazima wapulize. Nilikuwa nasimama mbele ya mzee wa watu, nimeshika kimashine chenye bomba la karatasi, nampigia kelele: "Vuta hewa yote, yote, yote, haya, puliza. Puliza, puliza, usiache, endelea, bado kidogo." Mzee macho yamemtoka, mashavu yamemjaa, wajukuu wamekaa kwenye majani wanashika mbavu kwa kicheko. Kila mtu alipuliza mara tatu. Ukikohoa katikati, unarudia. Ukicheka, unarudia. Huko kwetu Nyansurura waliniita yule dada wa puliza, na hata sasa nikipita sokoni Mugumu hakosekani mtu wa kujaza mashavu ili anione nikicheka. Mimi nacheka, kwa adabu tu.

Ulikuwa utafiti wa vifua, na kimashine kile kilipima kiasi cha hewa ambacho kifua kinaweza kutoa, na kasi yake. Namba peke yake haisemi kitu. Lazima ujue urefu wa mtu na miaka yake, ndipo uweze kulinganisha na kifua cha mtu mwingine wa umbo na umri ule ule ambaye ni mzima. Urefu ulikuwa kazi rahisi, una fimbo yenye alama na ukuta. Miaka ndiyo ilinitoa jasho. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, ila kila mmoja analijua rika lake, yaani kundi alilotahiriwa nalo. Basi nilitengeneza karatasi yangu mwenyewe, rika hili mwaka huu, rika lile mwaka ule, nikaibandika ndani ya jalada la faili. Wakubwa wangu walipoiona walinisifu sana. Wakasema ndiyo maana wanapenda kuajiri watu wa huku huku, wanaojua mambo ya huku. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kazi mbovu. Nilikuwa makini. Kosa langu nililifanya nikiwa makini vile vile.

Baada ya kupuliza kulikuwa na maswali. Swali la kumi na mbili lilisema: kazi yako kuu ni ipi? Chini yake, kwa herufi ndogo za kulala, kulikuwa na maelekezo kwa muulizaji: kama ni mkulima, mfugaji au mama wa nyumbani, ruka hadi swali la kumi na tisa. Maswali yaliyorukwa yalikuwa ya vumbi la mawe. Umewahi kufanya kazi mahali mwamba unapochimbwa au kusagwa? Kwa miaka mingapi? Saa ngapi kwa siku? Unaziba pua na nini? Aliyeyaandika alikuwa amekaa ofisini mbali na huku, na kwake mkulima ni mkulima. Hakujua watu wetu.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu. Kila nyumba ilikuwa na mtu ng'ambo ya mto Mara, upande wa Tarime, ndani ya duara, kama tulivyoyaita mashimo yale ya kushuka kwa kamba. Mwingine alikuwa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ambako watu walitoka weupe kuanzia nywele hadi kope. Lakini ungezunguka kijiji kizima usimpate mtu wa kusema yeye ni mchimbaji. Kwetu mwanamume ni zizi lake na shamba lake. Shimoni anakwenda kama anavyokwenda mnadani, anakwenda na kurudi. Anaweza kukaa huko miezi tisa mfululizo, na ukimuuliza kazi yake atakunyooshea kidole ng'ombe wanne waliolala kivulini. Halafu mwaka ule wa utafiti ikazuka habari kwamba majina ya wanaochimba bila leseni yanakusanywa. Sikuwahi kujua ilitoka wapi. Ilitosha kuwafanya watu waiogope karatasi yoyote, hata ya mtoto wa jirani anayekuja na bomba la kupuliza.

Kaka yangu ndiye mzaliwa wa kwanza nyumbani, mimi wa pili, na msichana peke yangu. Kwetu ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya dada ndio kaka anaowatoa ili aoe. Ndivyo ilivyo, na watu wameishi hivyo kwa amani kuliko wanavyodhani wanaotucheka. Nilipomaliza darasa la saba baba alikuwa ameshapata watu wa kuleta ng'ombe. Kaka alikuwa amefikia kuoa, na mchumba alikuwa naye. Angenyamaza tu, mimi ningeolewa, naye angeoa, kila mtu na kwake. Badala yake alimwambia baba, mimi nikiwa pale pale na ndoo ya maji kichwani: "Mwache asome. Ng'ombe wangu nitawatafuta mwenyewe."

Baba alimuuliza atawatafuta wapi. Wiki iliyofuata kaka alivuka mto.

Basi fikiria siku ile utafiti ulipofika kwenye mji wake, yaani boma lake. Nilikuwa na shati la mradi, kitambulisho shingoni, fimbo ya urefu mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia, halafu akasimama wima kama askari na kuniuliza, "Haya daktari, nipulize wapi?" Alipenda kuniita daktari mbele za watu, na mimi nilipenda kukasirika. Alikuwa amerudi juzi yake kutoka ng'ambo. Fulana yake ilikuwa imeanikwa kwenye ua, imefuliwa, na bado ilikuwa na rangi ya majivu.

Akapuliza. Alikuwa mrefu kuliko wote niliowapima wiki ile, kifua kipana, mtu wa kubeba kiroba cha mawe begani bila kuguna. Nilitegemea namba kubwa. Ilikuja ndogo. Nikamwambia hakufunga midomo vizuri, arudie. Akarudia, akakohoa. Mara ya nne nilimkemea mbele ya mkewe, "Kaka, acha mchezo." Akaniambia hachezi.

Nilipofika swali la kumi na mbili akacheka. "Mimi leo unaniuliza kazi?"

"Ndivyo karatasi inavyotaka."

"Andika mkulima. Shamba si lile? Ng'ombe si hao?"

"Kuna maswali ya vumbi hapa, kaka. Ni ya kifua tu."

Akainama, akaiangalia karatasi kana kwamba anaweza kusoma yaliyo nyuma yake. "Wewe unajua hii inakwenda Mugumu. Kutoka Mugumu inakwenda wapi? Hujui. Andika mkulima, mdogo wangu."

Nikaandika mkulima. Nikaruka hadi swali la kumi na tisa, nikamuuliza kama anavuta sigara, na kama mkewe anapikia kuni ndani ya nyumba au nje.

Habari ilisambaa kwamba dada wa puliza hana shida, yeye anaandika mkulima. Watu wakaja wenyewe, hata waliokuwa wamenikimbia. Niliwaandika wote hivyo, wale wa duara, wale wa karasha, akina mama waliokuwa wanaponda mawe kwa nyundo nyumbani mwao, hao niliwaandika mama wa nyumbani. Nilijiona mtu mwema. Nilijiambia nawalinda watu wangu. Na niseme ukweli wote, iliniharakishia kazi. Maswali sita ya kuruka si haba ukiwa na kaya nane za kumaliza kabla jua halijazama. Wachache waliotaka kusema habari za shimo niliwasaidia: "Sema mkulima tu mama, tumalize." Hilo hakuna aliyenituma.

Miaka ikapita. Nikatoka kwenye kupuliza nikahamishiwa kompyuta, ofisi ndogo ya kupanga mjini Mugumu, nyuma ya duka la fundi cherehani. Kazi mpya ilikuwa kuunganisha. Kulikuwa na tafiti tatu za vifua: ya kwetu iliyoanza kwa ajili ya moshi wa jikoni, nyingine ya kifua kikuu iliyofanyika Tarime, na ya tatu iliyowapima wachimbaji wenyewe huko kwenye mashimo. Kila moja peke yake ilikuwa na watu wachache mno kusema jambo likasikika. Zikiunganishwa zikawa moja, huenda zingesema. Mtafiti mkuu alikuwa mama wa makamo kutoka Mwanza, mpole, mwenye miwani ya kamba, sisi tulimwita Dokta. Alinieleza jambo kubwa alilotaka kujua: je, vumbi la mashimo linaharibu vifua vya watu wa huku kiasi gani kuliko moshi wa kuni? Likithibitika, alisema, kuna watu walio tayari kuweka kliniki ya kifua karibu na mashimo, na maji ya kulowanisha mwamba kabla ya kuugonga. Nilimsikia vizuri. Siwezi kusingizia kwamba sikuelewa kazi ile ilikuwa ya nini.

Kuunganisha kunachosha kama kusuluhisha koo tatu. Huyu anaandika urefu na viatu, yule bila viatu. Huyu ana mwaka wa kuzaliwa, yule ana rika, na karatasi yangu ya marika ikarudi kazini. Majina yalikuwa yameshaondolewa, kila mtu ni namba na mstari wake. Lakini mimi niliwajua baadhi yao kwa urefu tu, na kwa mpangilio wa nyumba tulivyozipita. Mstari wa kaka niliupata siku ya kwanza. Nilikuwa naufungua na kuufunga bila sababu.

Siku moja mchana Dokta alivuta kiti akakaa karibu yangu. Alikuwa ameona jambo. "Hebu tazama hawa wakulima wa Nyansurura," akasema. "Vifua vyao vimechoka kuliko vya wakulima wengine wote. Wewe ni wa kule. Hawa hawaendi mashimoni kweli?"

Cherehani ya fundi ilikuwa inakwenda upande wa pili wa ukuta. Ikasimama, ikaanza tena. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kujibu. Nikaona zile fomu zote na mwandiko wangu. Nikaona kitambulisho changu kikivuliwa shingoni, na watu nyumbani wakisema dada wa puliza amewataja. Nikamwambia, "Hapana, Dokta. Wale ni wakulima. Nadhani ni moshi. Nyumba za kule hazina madirisha."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa huku huku. Akasema basi tuwaweke kwenye kundi la wale ambao hawajaguswa na vumbi la mawe, ambao wachimbaji watalinganishwa nao. Nikaandika amri ile kwenye kompyuta kwa vidole vyangu. Safu nzima ikajaa mara moja, hapana, hapana, hapana, na ya kaka yangu ikiwemo.

Matokeo yakawa kama mtu yeyote mwenye akili angetarajia. Wachimbaji walilinganishwa na wachimbaji wenzao waliovaa jina la wakulima, na tofauti ikaonekana ndogo. Ripoti ikasema kwa lugha nzuri kwamba katika eneo hili mzigo mkubwa unaelekea kuwa moshi wa kuni. Kliniki ya karibu na mashimo ikawekwa kando, na maji ya kulowanisha mwamba vile vile. Yakaja majiko sanifu, ya udongo, mazuri, nisiyasingizie. Wifi yangu alipata moja. Kaka alilisifu kwamba linakula kuni kidogo, akala ugali uliopikwa juu yake, akavuka mto kurudi kwenye karasha.

Alianza kupumzika njiani kati ya zizi na nyumba. Kwanza alisingizia goti. Halafu akawa anakaa kwenye jiwe lililo katikati, anaangalia ng'ombe kana kwamba ndicho alichokusudia. Pale zahanati walipima makohozi kutafuta kifua kikuu, wakapima tena, hakikuonekana. Kila niliporudi nyumbani nilimkuta amepungua, na kila mara aliniambia, "Daktari, leo hukuja na bomba lako?" Nilikuwa nashika shughuli nyingine haraka, napepeta mahindi, naosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Hatimaye nilimleta hospitali Mugumu. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akaiangalia picha ya kifua kwenye dirisha, akaigeuza. Kisha akamuuliza, "Mzee, umewahi kufanya kazi kwenye mashimo? Au mahali wanaposaga mawe?"

Niliona kaka anageuza kichwa kunitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa kabla hajalala. Halafu akasema, kwa pumzi fupi, "Hapana, daktari. Mimi ni mkulima."

Kijana akaandika. Nami nilikuwa nimekaa pale, na mdomo wangu upo.

Nje tulikaa kwenye benchi kusubiri dawa. Nikamuuliza kwa nini amesema vile. Alishangaa swali langu. "Kwenye makaratasi yako nimeandikwaje?"

"Mkulima."

"Sasa nikimwambia huyu habari nyingine, na yeye anaandika, na wote mnakaa mji mmoja hapa. Si watakukuta umedanganya? Kazi yako itakwenda." Akapumua kidogo. "Mimi ndiye niliyekwambia uandike. Siwezi kukugeuka leo nikakuchoma."

Jambo moja niliseme hapa kabla sijamaliza, kwa sababu sitaki kumalizia nalo. Nilimwandikia Dokta barua baadaye, nikamweleza yote, na fomu za nani na nani. Alinijibu bila matusi, na ningependelea matusi. Alisema maswali yale yako wazi, bila majibu, kwa kijiji kizima, hayawezi kujazwa kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, na kwamba watawaondoa wakulima wa Nyansurura kwenye hesabu na kuanza upya watakapopata uwezo. Bado sijasikia kwamba umepatikana. Kaka alikaa nasi misimu miwili ya mvua baada ya siku ile ya benchi, kisha tukamzika. Najuta, na sijui namna nyingine ya kulisema neno hilo ili liwe zito zaidi. Kuna wanaume wengi niliowapima ambao siku hizi wanakaa kwenye mawe yaliyo katikati ya zizi na nyumba.

Nirudi kwenye benchi. Nilisimama, nikamwacha pale, nikarudi kwa daktari bila kubisha hodi. Nikamwambia kaka yangu amedanganya kwa ajili yangu. Nikamwambia habari za duara na za karasha. Hakunilaumu. Alikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake, akaniambia sasa ile picha inaanza kumwingia akilini. Dawa ya kuondoa vumbi lililokwisha ingia hana, alisema, lakini ataacha kutafuta ugonjwa ambao haupo, na mgonjwa asirudi kule hata siku moja. Halafu akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Amefanya kazi hiyo miaka mingapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimemuuliza kaka yangu kama anavuta sigara na kama mkewe anapika ndani au nje. Hilo la miaka lilikuwa swali la kumi na nne, na nililiruka.

Nikatoka tena. Nikachukua kadi yake ya hospitali, nikaigeuza upande usioandikwa, nikakaa. Nikamuuliza moja baada ya jingine, kumi na tatu hadi kumi na nane, kama nilivyofundishwa. Akatabasamu. "Leo umekumbuka, daktari." Alijibu yote, akisimama katikati ya maneno ili apumue, nami sikumharakisha. Nilipouliza miaka mingapi, hakutaja namba. Alisema, "Niliingia duara la kwanza wewe unaingia kidato cha kwanza. Cha pili nilikuwa kwenye lile lililojaa maji. Cha tatu na cha nne, lile la mwamba mweupe, hilo ndilo lilikuwa na vumbi. Ulipokwenda chuo nikaenda karasha. Ulipopata kazi nikasema niache, lakini nilikuwa nimeshazoea." Pua aliziba kwa fulana.

Niliandika, nikajumlisha, nikarudi ndani nikampa daktari namba. Aliiangalia, akaniuliza tumeipataje kwa uhakika namna ile, maana watu wengi huwa wanakisia. Nikamwambia tumehesabu kwa miaka yangu ya shule.